Maswali ya Wasomaji: Sanaa ya India katika Makumbusho ya Victoria na Albert

Katika toleo lililopita tulichapisha makala juu ya makumbusho makubwa ya London, na tulipofika kwenye Makumbusho ya Victoria na Albert, yaliyoko South Kensington, tuligusia kwa sentensi mbili tu kwamba yanahifadhi karibu vitu 60,000 vya sanaa kutoka India na nchi jirani zake. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua barua saba, nami nimejitahidi kuzijibu kwa ukamilifu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Ndugu Mhariri, naomba kueleweshwa. Vitu vya India vilifikaje kuwa vingi kiasi hicho katika makumbusho ya Uingereza? Je, makumbusho hayo yalijengwa kwa ajili hiyo?

Hapana, ndugu yangu, hayakujengwa kwa ajili hiyo. Unachokiona leo kimetokana na makusanyo mawili yaliyoanza kila moja kwa njia yake, yakaja kuunganishwa baadaye.

Kusanyo la kwanza lilikuwa la Kampuni ya East India, yaani ile kampuni ya wafanyabiashara wa Kiingereza iliyoanza kwa kununua viungo na vitambaa, ikaishia kuwa na jeshi lake na kutawala sehemu kubwa ya India. Mwaka 1801 Kampuni ilifungua makumbusho katika ofisi zake kuu za mtaa wa Leadenhall, London, chini ya Charles Wilkins, mjuzi wa Kisanskriti ambaye mwaka 1785 alikuwa ametoa tafsiri ya kwanza kwa Kiingereza ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Humo viliwekwa hati za kale, sanamu, wadudu waliokaushwa, mbegu, vitambaa, na silaha za watawala walioshindwa vitani, vyote vikiwa vimechanganyika.

Kusanyo la pili lilitokana na Maonyesho Makuu ya mwaka 1851 katika bustani ya Hyde Park. Wabunifu wa Uingereza, waliokuwa wakihangaika na bidhaa za mashine zilizojaa mapambo yasiyo na mpango, walisimama mbele ya vitambaa na vyombo vya India wakakiri kwamba mafundi wale walijua jambo ambalo wao walikuwa wamelisahau. Mwaka uliofuata, 1852, yalifunguliwa makumbusho ya viwanda chini ya Henry Cole, na miongoni mwa vitu vyake vya mwanzo vilikuwamo vya India vilivyonunuliwa kutoka maonyesho hayo. Mwaka 1857 makumbusho hayo yalihamia South Kensington.

Mwaka huohuo wa 1857 yalizuka maasi makubwa nchini India, na mwaka 1858 serikali ya Uingereza ikaipokonya Kampuni utawala wake. Makumbusho ya Kampuni yakawa kama mtoto aliyefiwa na wazazi: yakahamishwa nyumba hadi nyumba, yakafikishwa hata kwenye ghorofa ya juu kabisa ya Ofisi ya India, yaani idara ya serikali jijini London iliyosimamia utawala wa India, mpaka mwaka 1879 yalipovunjwa na mali yake kugawanywa. Sanamu za mawe kutoka Amaravati zilikwenda British Museum, mimea ikaenda bustani ya Kew, na kazi za mikono zikaletwa South Kensington. Jina la Victoria na Albert lilitolewa mwaka 1899 Malkia alipoweka jiwe la msingi, na jengo kuu likafunguliwa mwaka 1909.

Niongeze jambo moja ambalo naliona kuwa ufunguo wa mengine yote. Wakubwa wa zama zile walitenga "sanaa", kwa maana ya uchoraji na uchongaji wa Ulaya, na "ufundi", nao walivitia vitu vya India kwenye fungu la pili. Ndiyo sababu kiti cha enzi cha mfalme na kipande cha kitambaa vilijikuta chini ya paa moja. Mwaka 1910 George Birdwood, aliyewahi kusimamia makumbusho ya India jijini London, alitamka mbele ya hadhara kwamba India haina sanaa ya hali ya juu, na sanamu ya Buddha iliyokuwa mbele yake akaifananisha na andazi la mafuta lililochemshwa. Wasanii kumi na watatu, akiwamo William Rothenstein, walimjibu kwa barua katika gazeti la The Times wakisema kwamba wao wanaiona sanaa ya India kuwa miongoni mwa hazina kuu za binadamu. Mimi nasimama upande wa hao kumi na watatu, na majibu yangu yote hapa chini yameandikwa kwa msimamo huo.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nimesoma kwamba kuna chui milia wa mbao anayenguruma. Je, ni mwanasesere? Na bado ananguruma mpaka leo?

Marahaba, mwanangu. Chui huyo yupo, na ndiye anayependwa na wageni kuliko kitu kingine chochote cha India katika makumbusho hayo. Ni mbao iliyochongwa na kupakwa rangi, urefu wake karibu sentimita 170, na anaonekana akiwa amemlalia askari wa Kizungu aliyelala chali, meno ameyazamisha shingoni mwake. Ubavuni kuna mkono wa chuma wa kuzungusha. Ukizungushwa, mivukuto iliyomo ndani husukuma hewa, mkono wa kushoto wa askari hupanda na kushuka karibu na mdomo wake, sauti ya kilio hutoka kwa mtu na mngurumo hutoka kwa mnyama. Zaidi ya hayo, ukifungua kibao kilicho ubavuni mwa chui utakuta kinanda kamili chenye vibonye 18 vya pembe za ndovu.

Aliyeagiza kitu hicho ni Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, kusini mwa India, aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi na aliyemfanya chui milia kuwa alama yake: alama hiyo ilikuwa kwenye kiti chake cha enzi, kwenye mizinga, na kwenye sare za askari wake. Kwa hiyo si mwanasesere kwa maana ya kitu cha mtoto kuchezea. Ni kauli ya mfalme juu ya adui zake, iliyotengenezwa kwa namna ambayo kila aliyeingia chumbani aliielewa bila kuhitaji mkalimani.

Tipu aliuawa tarehe 4 Mei 1799 akiutetea mji wake mkuu, Srirangapatna. Askari walimkuta chui katika chumba cha ala za muziki ndani ya jumba la mfalme, naye akasafirishwa London. Kuanzia mwaka 1808 aliwekwa katika chumba cha kusomea cha Kampuni, ambako kila mgeni aliyepita alijizungushia ule mkono apendavyo, hata wasomi waliokuwa wameinamia hati zao wakawa wanalalamika kwamba hawapati utulivu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia paa lilimwangukia, akavunjika vipande kadhaa, na mafundi wakamuunga tena vita vilipokwisha. Leo yumo ndani ya kabati la kioo na mgeni haruhusiwi kumgusa, ingawa kinanda chake kimewahi kuchezwa na wataalamu na sauti yake ikarekodiwa.

Nikuombe jambo moja, mwanangu. Utakapoona picha yake, usiishie kwenye meno. Tazama milia yake ilivyopakwa, kisha ulinganishe na uso wa yule askari. Fundi amemtengeneza mnyama kwa mapenzi, kila mstari una mahali pake, ilhali askari ana uso bapa usio na chochote. Hapo utajua fundi alikuwa upande wa nani.

Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji kwa kazi na kwa mapenzi. Nasikia makumbusho hayo yana picha ndogondogo za zama za Mfalme Akbar. Wachoraji wale walifanyaje kazi? Je, majina yao yanajulikana, au wamesahaulika kama wengi wetu tutakavyosahaulika?

Barua yako imenigusa, ndugu yangu, na nafurahi kukuambia kwamba majina yao yanajulikana.

Akbar, wa ukoo wa Wamughal, wafalme wa Kiislamu wa India, alitawala kuanzia mwaka 1556 hadi 1605. Baba yake, Humayun, alikuwa ameleta kutoka Uajemi walimu wawili wa uchoraji, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, na Akbar akiwa bado kijana aliwapa kazi kubwa kupita kiasi: kuchora visa vya Hamza, shujaa wa hadithi, katika picha 1,400 juu ya kitambaa cha pamba. Kazi hiyo ilianza karibu na mwaka 1562 ikachukua miaka kama 15. Karakana hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Ndani yake vijana wa Kihindu na wa Kiislamu, wenye mikono iliyozoea mitindo tofauti, walijifunza kuchora kama watu wa nyumba moja.

Picha zilizosalia duniani hazifiki 200. Baadhi ya zile zilizopo South Kensington zilipatikana mwaka 1881 huko Srinagar, Kashmir, na afisa wa makumbusho hayo aitwaye Caspar Purdon Clarke, ambaye alizikuta katika duka la vitu vya kale zikiwa zimezibiwa madirisha ili kuzuia baridi. Kwenye baadhi yake nyuso za watu zimesuguliwa zikafutika. Hebu fikiria: kazi iliyowatoa jasho mafundi wa mfalme, ikawa kipande cha kuzibia upepo.

Hazina ya pili ni kurasa za Akbarnama, historia ya utawala wa Akbar iliyoandikwa kwa Kiajemi na rafiki yake na mshauri wake Abu'l Fazl. Makumbusho yana picha 116 kutoka nakala iliyochorwa mnamo miaka ya 1590 hadi 1595, nayo yalizinunua mwaka 1896 kwa mjane wa Jenerali John Clarke, afisa aliyekuwa Kamishna wa Oudh, jimbo la kaskazini mwa India, baada tu ya maasi ya 1857. Chini ya picha hizo, kwa wino mwekundu, karani ameandika nani alifanya nini. Mchoraji mmoja alipanga picha nzima na kuchora mistari yake, na mwingine, mara nyingi kijana zaidi, akatia rangi. Pengine aliitwa wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa nyuso tu. Hivyo ndivyo tunavyowajua Basawan, Miskin, Lal, Kesu na wenzao wengi.

Kuhusu njia ya kazi, karatasi ilisuguliwa kwa jiwe hadi ikateleza, kisha mistari ya kwanza ikachorwa kwa wino hafifu na kufunikwa kwa tabaka jembamba la rangi nyeupe ambalo mistari iliweza kuonekana kupitia kwake. Rangi zilitokana na madini na mimea iliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti, zikapakwa tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka na tabaka picha ililazwa kifudifudi juu ya bamba laini, nayo ikasuguliwa kwa nyuma na jiwe la akiki. Wewe mwenye kuchora utaelewa faida yake: rangi hushikamana, na uso wa picha hung'aa kama yai bila kupakwa vanishi. Brashi za kazi nyembamba zilikuwa za manyoya ya kindi, na ncha yake ilikuwa nyembamba mno.

Kama utapata kuiona picha moja tu, naomba iwe ile ya Akbar juu ya tembo Hawa'i, iliyopangwa na Basawan na kutiwa rangi na Chetar. Tukio lenyewe lilitokea Agra mwaka 1561. Mfalme, kijana asiyefikia hata miaka 20, alimpanda tembo aliyejulikana kwa ukali, akampambanisha na tembo mwingine, na yule mwingine alipokimbia, wote wawili wakapita mbio juu ya daraja lililotandazwa juu ya mashua kwenye mto Yamuna. Picha imechukua kurasa mbili zinazotazamana. Mashua zinainama na kuzama upande mmoja, kamba zimekazika, watu wanajitupa majini, mmoja anainua mikono, na katikati ya rabsha yote hiyo Akbar ameketi shingoni mwa tembo, peku, mtulivu kama aliye barazani kwake. Basawan ameupanga mstari wa daraja kwa mshazari kutoka ukurasa hadi ukurasa, na jicho lako likishaukanyaga mstari huo halina pa kusimama mpaka lifike mwisho. Mimi nimeitazama mara nyingi kwenye vitabu na bado kila mara naogopa kwamba watazama.

Umeuliza pia juu ya kusahaulika. Abu'l Fazl ameandika kwamba kazi za wachoraji zilipelekwa mbele ya Akbar kila wiki, naye akatoa tuzo na kuongeza mishahara kulingana na ubora. Ameandika vilevile habari za Daswanth, mtoto wa mbeba machela, aliyekuwa akichora kwenye kuta kwa sababu hakuweza kujizuia, mpaka siku moja mfalme alipoiona michoro hiyo na kumkabidhi mwenyewe kwa Abd al-Samad. Muda si mrefu akawa miongoni mwa mabingwa. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni, kwa maana akili yake ilichafuka akajiua, lakini jina lake halikupotea.

Ndugu yangu alitembelea vyumba hivyo akarudi akilalamika kwamba vina giza, tena picha aliyoifuata haikuwepo. Je, ni uzembe?

Si uzembe hata kidogo. Mwanga huharibu karatasi, rangi na vitambaa, na uharibifu huo haurudishiki nyuma. Kwa vitu vya namna hiyo makumbusho mengi duniani hushusha mwanga hadi luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), na kila kitu hutolewa nje kwa muda maalumu kisha kikarudishwa gizani ghalani. Mwenye kufuata picha fulani na aulize kwanza kabla hajasafiri.

Mhariri, mimi ni fundi cherehani. Niliona picha ya pazia la kale la India lenye mti mkubwa wa maua, lakini majani yake yote ni ya buluu. Kwa nini majani yawe ya buluu?

Dada, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu lake linaonyesha jinsi kitambaa kile kilivyotengenezwa. Majani hayo yalikuwa ya kijani.

Vitambaa hivyo vya pamba vilitengenezwa hasa katika pwani ya mashariki ya India ya kusini, na Waingereza waliviita chintz. Siri yake ilikuwa kwamba rangi haikupakwa juu ya kitambaa ikakaa juujuu. Fundi alichora kwanza kwa dawa. Palipotakiwa pawe pekundu alichora kwa maji ya shabu, na palipotakiwa pawe peusi alichora kwa maji ya chuma. Kisha kitambaa kizima kilichemshwa katika rangi ya mizizi, nayo rangi ikashika pale tu palipokuwa na dawa; kwingineko ilioshwa na kuanikwa juani mpaka ikatoka. Kwa ajili ya buluu walifuata njia nyingine: kitambaa kilifunikwa kwa nta kila mahali isipokuwa palipohitaji buluu, kikazamishwa katika pipa la nili, na nta ikatolewa kwa maji ya moto. Mwisho kabisa ilikuja rangi ya njano, ambayo ilichorwa kwa mkono juu ya buluu ili kupata kijani. Njano hiyo ndiyo pekee isiyokuwa imara. Baada ya miaka mia mbili au mia tatu ya mwanga na kufuliwa imeondoka, ikaiacha nili peke yake. Kumbe unapoona jani la buluu, unaona hatua ya mwisho ya fundi ikiwa imefutika na ile iliyoitangulia ikibaki vilevile alivyoiacha.

Wanunuzi wa Ulaya walivigombania vitambaa hivyo kwa sababu vilifulika bila kuchuja, jambo ambalo viwanda vyao havikuliweza. Wafumaji wa huko walipiga kelele, Ufaransa ikavipiga marufuku mwaka 1686, na Uingereza ikafuata kwa sheria za mwaka 1701 na 1721. Makumbusho yana kitanda cha mwigizaji maarufu wa karne ya 18, David Garrick, ambacho mapazia yake ya chintz yalikuwa zawadi ya wafanyabiashara wa Calcutta. Maafisa wa forodha waliyakamata, na Garrick akaandika barua kuyaomba kwa niaba ya mkewe.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1866 John Forbes Watson, msimamizi wa makumbusho ya Kampuni yaliyorithiwa na serikali, alitoa mkusanyiko wa majuzuu 18 wenye vipande 700 vya vitambaa halisi vya India, kila kipande kimekatwa na kubandikwa pamoja na maelezo ya urefu, upana na uzito. Zilitolewa seti 20, na 13 kati ya hizo zikabaki Uingereza, nyingi katika miji ya viwanda, ili wenye mashine wajue Mhindi anavaa nini, wakamtengenezee na kumuuzia. Nayapenda majuzuu hayo na yananiumiza kwa wakati mmoja. Ni kumbukumbu nzuri isiyo na kifani ya kazi za wafumaji, na imekusanywa kwa nia ya kuwanyang'anya soko lao.

Ndugu Mhariri, kwa nini mnazungukazunguka? Vitu hivi vimeibwa. Virudishwe. Au ninyi mnaonaje?

Sikwepi, ndugu yangu, ila naomba tuvitazame kimoja kimoja, kwa kuwa havikufika kwa mlango mmoja.

Chui wa Tipu ni nyara ya vita: mji ulitekwa, jumba likaporwa, na mali ikagawanywa kwa utaratibu wa kijeshi. Kiti cha dhahabu cha Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga wa Punjab, kina habari ya namna nyingine. Kilitengenezwa na sonara Mwislamu, Hafiz Muhammad Multani, mnamo miaka ya 1820, kwa mbao iliyofunikwa mabamba ya dhahabu yaliyofuliwa, na tako lake limeumbwa kama petali za yungiyungi. Mfalme mwenyewe hakupenda makuu, na mara nyingi alichagua kuketi chini juu ya zulia. Mwaka 1849 Uingereza iliinyakua Punjab na hazina yote ya Lahore, mji wake mkuu, kwa mkataba uliotiwa saini na mwanawe Duleep Singh. Duleep Singh alikuwa na miaka 10. Mkataba wa namna hiyo unaweza kutimiza kanuni za wanasheria, lakini mimi siwezi kuuita makubaliano.

Picha za Akbarnama, kwa upande mwingine, zilinunuliwa, japokuwa na afisa wa dola lililokuwa limetoka kuzima maasi katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wamefilisika. Zile za Hamza zilinunuliwa dukani, na huenda zisingekuwepo leo kama zingeendelea kuziba madirisha. Vitambaa vingi viliagizwa na kulipiwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Maoni yangu ni kwamba kiti cha enzi na chui havipaswi kuzungumzwa kama vitambaa, na kwamba wenye kuvidai wana haki ya kusikilizwa. Kikwazo kilichopo ni cha kisheria: Sheria ya Urithi wa Taifa ya Uingereza ya mwaka 1983 inawazuia wadhamini wa makumbusho haya kutoa mali yao moja kwa moja, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa hiyo Bunge lisipoibadilisha, kinachobaki ni mkopo. Mfano upo. Mwezi Julai 2024 makumbusho yalikopesha jimbo la Maharashtra, kwa miaka mitatu, silaha ya makucha ya chuma iitwayo wagh nakh, ambayo watu wengi wanaamini ndiyo aliyoitumia Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha, kumuua Jenerali Afzal Khan mwaka 1659. Ilipokewa Satara kwa shangwe kubwa, ingawa makumbusho yenyewe yalisema wazi kwamba hakuna uthibitisho kuwa ni makucha yaleyale.

Ninachokidai hata kabla ya sheria kubadilika ni kibandiko. Kila kitu kiandikwe nani alikitengeneza, nani alikuwa nacho, nani alikichukua, mwaka gani na kwa njia gani. Mgeni akisoma kwamba kiti ni "cha mwaka 1820 hivi, dhahabu, Lahore", amenyimwa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayouma.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nitapitia London kumwona mjukuu, na nitakuwa na nusu siku tu. Magoti yangu hayapendi vyumba virefu. Nitazame nini?

Shikamoo, mama. Usihangaike na vingi. Ulizia kikombe cha Shah Jahan, kisha uombe kiti ukae karibu nacho.

Ni kidogo, urefu wake haufiki sentimita 19, na kimechongwa kutoka kipande kimoja cha jedi nyeupe. Jedi ni jiwe lisilokubali patasi, ukiligonga linakataa. Fundi hulisaga kidogo kidogo kwa unga wa mawe magumu zaidi uliochanganywa na maji, na kikombe kama hiki kilihitaji subira isiyopimika. Kuta zake zimesagwa zikawa nyembamba kiasi kwamba mwanga unapita, na jiwe linaonekana kama maziwa yaliyoganda. Umbo lake ni la nusu ya boga, kama wafanyavyo mafundi wa China. Kitako chake ni ua la yungiyungi lililofunguka, la India kabisa. Kutoka kwenye kitako hicho huchomoza majani ya mapambo yanayotambulika kutoka Ulaya. Kisha boga linakuwa jembamba, linapinda, na pale unapotegemea kikonyo unakuta kichwa cha mbuzi wa milimani, mwenye ndevu, masikio yake yamelala nyuma. Anza kukitazama kutoka upande wa kitako, mama, ukifuate polepole mpaka kwenye kichwa; ukianza na mbuzi utakuwa umekula nyama kabla ya wali.

Pembeni pamechorwa cheo cha mfalme na mwaka wa Hijria 1067, ambao ni sawa na 1657. Shah Jahan, aliyejenga Taj Mahal, aliugua mwaka huohuo wa 1657, wanawe wakaanza kupigania kiti, na mwaka uliofuata Aurangzeb akamfungia katika ngome ya Agra, alikokaa mpaka alipofariki mwaka 1666. Kikombe kilifika makumbusho mwaka 1962. Kwenye mdomo wake hakuna ufa wala pengo.